Kupanga Usafiri wa Abiria Ukanda wa Malindi, Gede na Watamu: Mwongozo Kamili

Kutoka stendi ya Malindi, pwani ya Kenya, hadi Watamu, ukipitia Gede, ni takriban kilomita 22. Usiku, barabara ikiwa tupu, ni safari ya nusu saa. Asubuhi ya siku ya kazi mambo hugeuka: abiria aliyesimama Msabaha anapitwa na matatu tatu zilizojaa, mwishowe anapanda bodaboda kwa nauli ya juu. Dakika hiyohiyo kule mjini, matatu nyingine zimepangana stendi zikisubiri kujaa. Magari yamekosekana njiani, na yamelala stendi.

Mpango wowote uanzie hapo. Wengi huanzia mwisho: wananunua mabasi, au wanachora njia ya mwendokasi, ya mabasi peke yake, katikati ya lami, kisha ndipo wanauliza abiria wako wapi.

Kwanza, kata barabara vipande

Ukanda huu si kitu kimoja. Kipande cha kwanza ni cha mjini, kutoka stendi mpaka kupita uwanja wa ndege. Humo adui ni tuktuk zinazogeuka popote, magari yaliyoegeshwa ukingoni, mikokoteni, na matatu inayopakia ikiwa imekaa nusu lami nusu mchanga. Kipande cha pili ni barabara kuu, Kijiwetanga, Msabaha, Mijomboni hadi makutano ya Gede. Hapo foleni ni chache. Tatizo ni gari kupita likiwa limejaa. Cha tatu ni Gede kuingia Watamu, ambako wafanyakazi wa hoteli na wanafunzi hutoka kwa mafungu, kila fungu na saa yake.

Usisahau magari ya safari ndefu. Matatu za Mombasa na Kilifi hupita barabara hiyohiyo, na zikiwa na kiti hubeba abiria wa karibu. Asubuhi zikielekea Mombasa hazimtaki mtu wa kushuka Gede, kwa kuwa kiti chake kitakwenda kitupu. Jioni zikirudi, zinamgombania. Kwa hiyo usizihesabu kama usafiri wa ukanda huu. Ziandike safu yake peke yake.

Hesabu watu, si magari

Weka wahesabuji sehemu tatu: karibu na uwanja wa ndege, Msabaha, na mbele kidogo ya makutano ya Gede upande wa Watamu. Stendi hapafai, maana wengi hupandia na kushukia njiani. Kila mwelekeo wa magari uwe na watu wawili, mmoja anatazama na kutaja, mwenzake anaandika. Mtu mmoja akifanya yote mawili, ndani ya nusu saa ataanza kubahatisha. Wapokezane kila baada ya saa mbili.

Chagua mahali penye tuta, ambapo gari lazima lipunguze mwendo, na ukae jua likiwa mgongoni mwako. Asubuhi hiyo ni upande wa baharini. Ukikaa upande wa pili utatazama vioo vinavyong'aa usione mtu ndani.

Anza saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa nne, kisha saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku. Fomu igawanywe kwa robo saa. Kwa matatu ya viti 14 tumia alama nne tu: 1 wachache (andika 4), 2 nusu (7), 3 imejaa (14), 4 imezidi (17). Basi la viti 33 lipe alama zake kwa mtindo huohuo. Siku ya kwanza, mtu mmoja asimame kituo cha mbele ahesabu vichwa ndani ya magari kama ishirini, mlinganishe na alama za wenzake. Wanaoanza kazi hii huwa na tabia ya kuandika 3 kila wanapoona watu dirishani. Tuktuk na bodaboda hesabu abiria waliomo kweli. Sheria inamruhusu bodaboda abiria mmoja. Wewe andika unachokiona.

Kisha kuna hesabu ambayo karibu kila mtu huisahau: waliopitwa. Mtu mmoja akae kituoni Msabaha, kila dakika tano aandike wangapi wanangoja na magari mangapi yamepita bila kusimama. Bila safu hiyo utajua tu magari yaliyopo yanabeba watu wangapi, na mpango wako utarudia upungufu uleule uliokuja kuutibu.

Siku zinazofaa ni mbili kati ya Jumanne na Alhamisi, pamoja na Jumamosi moja. Ijumaa ipe karatasi yake, kwa kuwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mji hubadilika kwa ajili ya swala. Epuka likizo za shule. Epuka Ramadhani pia, maana msongamano wa jioni huja mapema zaidi, kila mtu akikimbilia futari. Desemba wageni hujaa, na masika ya Aprili na Mei hoteli hupunguza watu, kwa hiyo miezi hiyo haifai kuwa msingi. Ukimaliza hesabu kuu, rudi Desemba asubuhi moja tu uone tofauti ni ya kiasi gani.

Panda gari na saa mkononi

Hesabu ya barabarani haikuambii dakika zinaliwa wapi. Panda matatu angalau mara kumi kwa kila upande saa za msongamano, na mara tano saa za kawaida. Simu ikiwa na programu ya kurekodi njia, iwashe. Kila gari linaposimama andika saa, waliopanda, walioshuka, na herufi ya sababu: A abiria, F foleni, K kungoja kujaa, N kukusanya nauli au kutafuta chenji, P polisi, M mafuta.

Jumlisha dakika kwa herufi. K ikiongoza, dawa iko stendi na si barabarani. Hata ukijenga njia nne hakitabadilika kitu. F ikiongoza, angalia imetokea kilomita ipi, maana mara nyingi foleni yote iko katika mita mia kadhaa. N ikiwa kubwa, makanga anakusanya nauli mlangoni watu wanaposhuka, badala ya kukusanya gari likitembea. Hilo hurekebishwa kwa mkutano mmoja wa sacco, yaani ushirika wa wenye magari.

Hesabu ya magari

Hapa twende polepole. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, weka zako.

Tuseme robo saa iliyo nzito kuliko zote, wakielekea mjini, walipita abiria 95 ndani ya magari na 10 waliachwa kituoni. Jumla 105. Zidisha mara nne upate abiria 420 kwa saa. Usitumie wastani wa saa nzima. Kama saa yote ilipitisha watu 360, ukipanga kwa 360 utawaacha watu kituoni katika robo saa ileile waliyokuhitaji zaidi.

Usipange gari lijae asilimia 100. Abiria hawaji kwa mpangilio, na gari lililopangwa kujaa litawaacha watu kila siku. Tumia asilimia 85: basi la viti 33 ni watu 28, matatu ya viti 14 ni watu 12.

420 ukigawanya kwa 28 ni safari 15 kwa saa, yaani basi kila dakika 4. 420 ukigawanya kwa 12 ni safari 35, yaani matatu kila dakika moja na sekunde 43.

Sasa muda wa mzunguko. Kilomita 22 kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa, vituo vikiwemo, ni dakika 44. Kwenda na kurudi 88. Ongeza dakika 6 za mapumziko kila mwisho: 100. Mapumziko haya si anasa. Ndiyo akiba inayozuia safari iliyochelewa isicheleweshe inayofuata, na ndipo dereva anapopata kwenda haja. Gawanya 100 kwa 4: unahitaji mabasi 25 barabarani. Ongeza asilimia 10 ya akiba ya gereji, yawe 28. Kwa matatu, mzunguko wa dakika 90 na safari 35 kwa saa, ni matatu 53, na akiba ni 59.

Jaribu sasa kuweka desturi ya kungoja kujaa. Basi likilala dakika 30 Malindi na 20 Watamu, badala ya 6 na 6, mzunguko unakuwa 138. Gawanya kwa 4: mabasi 35. Kwa abiria walewale na barabara ileile, mabasi kumi zaidi yamenunuliwa ili yakae stendi. Mwonyeshe mwenye gari hesabu hii kabla hujamwambia neno jingine.

Fanya vivyo hivyo kwa foleni ya mjini. Kama kilomita mbili za mwisho kuingia mjini zinachukua dakika 15 badala ya 6, mzunguko unafika 109, na mabasi yanakuwa 28 badala ya 25. Kuondoa uegeshaji kwenye kipande hicho ni sawa na kupewa mabasi matatu bure.

Saa za kawaida, abiria wakiwa 150 kwa saa, safari 6 zinatosha: basi kila dakika 10, mabasi 10. Yaliyobaki ndiyo wakati wa kuoshwa na kufanyiwa sabisi, kwa zamu, ili mzigo wa kukaa usimwangukie mwenye gari mmoja kila siku. Na si lazima kila gari lifike Watamu. Linaloishia Gede huzunguka kwa dakika kama 70, hivyo katika msongamano wa asubuhi hufanya safari zaidi.

Chombo kipi?

Reli haipo, ile ya SGR inaishia Mombasa. Bahari wengi huitaja, lakini kati ya Malindi na Watamu kuna miamba, hifadhi ya baharini na upepo wa kusi. Lamu boti ya Mokowe hufaa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika kisiwani. Hapa lami ipo.

Mwendokasi kamili nao si wa hapa. Dar es Salaam ilianza wake Mei 2016, awamu ya kwanza kilomita 20.9, karibu sawa na urefu wa ukanda huu. Lakini ule ulikatwa kwenye barabara pana ya jiji la mamilioni, na TransMilenio, mwendokasi wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, iliyofunguliwa Desemba 2000, hubeba makumi ya maelfu ya watu kwa saa kwa upande mmoja. Abiria 420 kwa saa hawahitaji saruji ya peke yao. Somo la Dar linalotufaa ni jingine: karakana ya Jangwani iliwekwa bondeni na mvua zikaifurika mara kadhaa. Ukitafuta uwanja wa kulaza mabasi, uende kuutazama wakati wa masika, si Januari.

Tungeanza na mchanganyiko. Basi la viti 33 kila dakika 6 ni safari 10, watu 280. Ongeza safari 12 za matatu, watu 144. Jumla 424, inatosha. Mabasi 17, na matatu 14 kwa mzunguko wa Gede wa dakika 70, bila kuhesabu akiba. Mabasi yawe uti wa mgongo wenye ratiba, matatu ziishie Gede na kujaza mapengo. Mpango unaoanza kwa kuzifukuza matatu zote hufia kwenye mgomo wa wiki ya kwanza.

Tuktuk zibaki kuwa za kukusanya: kutoka mitaani hadi kituo cha barabara kuu, na kutoka makutano ya Gede kuingia vijijini. Zipewe egesho lao, mita 30 au zaidi kutoka kituo cha basi. Zikiegeshwa mdomoni mwa kituo, basi litasimama barabarani na foleni itazaliwa upya.

Vituo na stendi

Ndani ya mji weka kituo kila mita 400 hadi 500. Mtu hutembea mita 80 hivi kwa dakika, basi ni dakika tano au sita. Nje ya mji, mita 800 hadi 1,000, ila pakiwa na shule au zahanati kituo kiende hapo hata kama kipimo kinakataa.

Kituo kiwe baada ya makutano, mita 20 hadi 30 mbele, si kabla. Kabla ya makutano, basi lililosimama linamziba macho anayetaka kuingia barabarani, na anayekata kona analazimika kulizunguka. Vituo viwili vya pande mbili za barabara visikabiliane. Vipishane ili abiria akishuka avuke nyuma ya basi lake, ambako dereva anayekuja anamwona.

Egesho la basi moja liwe na urefu wa mita 15 za kusimama, mita 15 hadi 20 za kuingilia kwa mshazari na kiasi hichohicho za kutokea, upana mita 3. Mshazari mfupi ndio kosa la kawaida: dereva anaingiza pua tu, mkia unabaki kwenye lami. Jukwaa la abiria liwe na upana usiopungua mita 2 na kimo cha sentimita 15 hadi 20. Chimba mtaro kabla ya kumwaga zege. Dimbwi likituama egeshoni, abiria atahamia kwenye lami kavu na basi litamfuata. Paa lifunike upande wa magharibi, kwa sababu jua la saa tisa ndilo linalowachoma wanaorudi nyumbani. Makuti yana ubaridi mzuri lakini yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kama hakuna fungu la matengenezo, tumia mabati na uyainue juu. Acha pia nafasi ya ndoo za samaki na magunia. Mama wa soko asipopata pa kuweka mzigo ataushusha mlangoni mwa gari.

Gari likisimama sekunde 30 na kuchukua 15 kuingia na kutoka, egesho moja kwa nadharia hupokea magari 80 kwa saa. Panga kwa 40. Likisimama dakika 6 kungoja abiria, egesho lilelile linapokea 10. Ndiyo sababu vituo vipya hujaa siku ya pili, na lawama hupewa mhandisi.

Hesabu ya tajiri

Dereva hangoji kujaa kwa ukaidi. Anadaiwa na tajiri, yaani mwenye gari, kiasi maalumu kila jioni, mafuta ni juu yake, na kinachobaki ndicho chake yeye na makanga. Akiondoka na watu wanane huku mwenzake nyuma akiondoka na kumi na wanne, amejitia hasara mwenyewe. Ratiba bila kugusa hesabu hiyo ni karatasi.

Kinachofanya kazi ni mapato kuingia mfuko mmoja wa sacco, kisha kugawanywa kwa safari zilizofanywa kwa wakati, na dereva kulipwa kwa zamu au kwa safari. Mfuko mmoja unataka tiketi au malipo ya simu yanayoonekana na wote. Bila hivyo utavuja, na utavunjika kwa shutuma kabla ya kuvunjika kwa hasara. Wapiga debe wa stendi waandikwe kazi: wawili wa kupanga zamu, mmoja wa kusimamia saa. Wanajua kila gari na kila dereva, na wakiachwa nje watahakikisha zamu haishiki.

Kabla ya kuanza, pima kama safari inajilipa. Mfano: safari moja ya basi, ukiweka mafuta, mishahara, tairi, bima na mkopo, ikigharimu Sh2,000, na nauli ya wastani ni Sh80, unahitaji abiria 25. Nauli ya wastani ipatikane kwa kugawanya makusanyo kwa abiria. Siyo nauli ya Malindi hadi Watamu, maana wengi hushuka njiani. Mwombaji wa njia asiyejua tofauti hiyo huandika faida ambayo haipo.

Ofisi gani, na lini

Barabara kuu ya Malindi–Mombasa iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, kwa hiyo egesho lolote kando yake lina kibali chake. Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti, uegeshaji na usafiri wa umma barabarani ni kazi ya kaunti; stendi, taa na marufuku ya kuegesha utayapeleka kwa serikali ya kaunti ya Kilifi. Leseni za magari na njia ni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kanuni zake za 2014 ziliweka kwamba mwendeshaji awe sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Polisi wa trafiki waitwe mapema, siyo siku ya kufungua.

Wengi hukosa kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukileta ombi la vituo mwezi Mei umechelewa mwaka mzima. Hesabu yako ya barabarani iwe tayari Julai, na uende nayo kwenye vikao vya maoni ya umma ikiwa ukurasa mmoja: ramani, idadi ya waliopitwa, na bei ya kila kituo.

Jaribio

Fanya wiki 8 hadi 12, nje ya Ramadhani na Desemba, kwa kipande cha Malindi hadi Gede peke yake. Pima vitu vinne: safari zilizoondoka ndani ya dakika mbili za ratiba, waliopitwa Msabaha, muda wa kungoja, na mapato ya kila gari kwa siku.

Muda wa kungoja una mtego. Magari yakija kila dakika 4 sawasawa, abiria hungoja wastani wa dakika 2. Yakija mawili yakifuatana, moja baada ya dakika 1 na lingine baada ya 7, idadi kwa saa ni ileile, lakini wastani wa kungoja unapanda hadi dakika 3 na sekunde chache. Sababu ni rahisi: abiria wengi zaidi hufika ndani ya lile pengo refu. Kwa hiyo usiridhike na idadi ya safari. Weka msimamizi Gede mwenye ratiba na saa, na ruhusa ya kulishikilia gari lililowahi kwa dakika mbili au tatu. Madereva watanung'unika wiki ya kwanza. Waliopo nyuma, ambao abiria wao walikuwa wakichukuliwa, wataacha kunung'unika mapema kuliko wale wa mbele.

Kila kituo kibandike ubao wenye mambo matatu: nauli, gari la kwanza, na gari la mwisho. La mwisho lisiondolewe hata likiwa na abiria wanne. Mfanyakazi wa hoteli anayetoka kazini saa nne usiku akikosa gari mara mbili, hata asubuhi hatalitegemea tena, na bodaboda atakuwa amepata mteja wa kudumu. Wiki ya mwisho ya jaribio, warudishe wahesabuji walewale kwenye matuta yaleyale, kwa fomu ileile.